Ukoo Upi wa Bakteria Huleta Chunusi?

Kijana mwenye uso uliojaa chunusi na mwenzake mwenye uso mwororo wanabeba bakteria yuleyule. Jina lake ni Cutibacterium acnes. Makazi yake ni ndani ya vinyweleo, chini karibu na tezi za mafuta, na kwenye uso wa mtu mzima ndiye anayetawala sehemu hizo. Ukimhesabu kwenye pua ya mgonjwa, kisha ukamhesabu kwenye pua ya asiyeugua, idadi zinakaribiana. Kwa zaidi ya miaka 100 bakteria huyu amekuwa akishukiwa kuwa chanzo cha chunusi, na muda wote huo kumekuwa na swali moja lililowasumbua wanaomshuku: kama ndiye mkosaji, mbona yupo kwa kila mtu?

Njia iliyofuatwa katika miongo miwili iliyopita ni kuacha kuhesabu na kuanza kutofautisha. Mkulima wa muhogo wa Mtwara haridhiki kuambiwa kwamba shambani kuna muhogo. Atataka kujua ni upi, maana mtamu huweza kuliwa mbichi na mchungu lazima ulowekwe au ukaushwe kwanza, ingawa kwa mtaalamu wa mimea yote miwili ni spishi moja. C. acnes naye ni spishi moja yenye koo nyingi. Zinafanana kwa sehemu kubwa ya jenomu yake, na zinatofautiana kwenye sehemu ndogo yenye uzito mkubwa. Makala hii inachunguza koo hizo: zimegawanywa vipi, kila mgawanyo umetufundisha nini, na kwa nini msomaji wa Afrika Mashariki, mwenye ngozi nyeusi, ana haki ya kudai kwamba ramani hiyo imwingize na yeye.

Historia ya mwanzo ni fupi. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Paul Gerson Unna aliona kwa hadubini vijiti vidogo ndani ya chunusi, na mwaka 1897 Mfaransa Raymond Sabouraud akafanikiwa kuviotesha maabara. Baada ya hapo bakteria huyo akahamishwa jenasi mara kadhaa: alikuwa Bacillus, akawa Corynebacterium, na mwaka 1946 akaitwa Propionibacterium kwa sababu hutoa asidi ya propioniki. Mwaka 2016 Christian Scholz na Mogens Kilian wa Aarhus, Denmark, waliwatenga bakteria wa ngozini na ndugu zao wa kwenye maziwa, wakiwemo wale wanaotoboa matundu ya jibini ya Uswisi, wakawapa jenasi yao mpya ya Cutibacterium. Ndiyo maana vitabu vya zamani na makopo mengi ya dawa bado vinaandika P. acnes. Ni yuleyule.

Mgawanyo wa ndani ya spishi ulianza na sukari. Mwaka 1972 Johnson na Cummins, watafiti wa Marekani, walichambua kuta za seli za bakteria hawa wakakuta makundi mawili: la kwanza lina galaktosi ukutani, la pili halina. Wakayaita aina ya I na aina ya II. Kwa miaka zaidi ya 30 hapo ndipo mambo yaliposimama, kwa kuwa vifaa vya kuona zaidi havikuwepo. Mwaka 2005 kundi la Belfast, wakiwemo Andrew McDowell na Sheila Patrick, lilisoma mfuatano wa jeni mbili, recA na tly, likathibitisha kwamba I na II ni koo zilizoachana zamani, na kwamba ndani ya I kuna IA na IB. Aina ya III ikafuata mwaka 2008. Baadaye IA ikagawanyika kuwa IA1 na IA2, na IC ikaongezwa. Leo aina hizi tatu kubwa zina hadhi ya spishi ndogo: ya I ni acnes, ya II ni defendens, na ya III ni elongatum, ambayo seli zake hurefuka kama nyuzi.

Wakati huohuo jenomu nzima ilikuwa imeshasomwa. Holger Brüggemann na wenzake wa Ujerumani waliichapisha mwaka 2004: herufi takriban milioni 2.5 za DNA, na ndani yake jeni za vimeng'enya vya kuvunja mafuta na tishu za ngozi. Ilikuwa jenomu ya bakteria mmoja tu. Iliweza kuonyesha silaha alizonazo, lakini haikuweza kujibu iwapo wenzake wote wamejihami vilevile.

Kazi iliyobadilisha mjadala ilichapishwa mwaka 2013 na kundi la Huiying Li wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Walichukua watu 101, 49 wenye chunusi na 52 wasio nazo, wakawabandika puani vile vipande vya gundi vinavyouzwa kwa kuvutia uchafu wa vinyweleo. Walichokipata wakakisoma kwa jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo na ambayo hubadilika polepole sana. Jambo la kwanza walilothibitisha ni lile lililokwisha kushukiwa: C. acnes alikuwa karibu asilimia 90 ya bakteria wa pua katika makundi yote mawili. Kuhesabu hakukuwatofautisha wagonjwa na wazima.

Kisha wakatazama tofauti ndogo ndani ya jeni hiyo, nyingine za herufi moja tu, na kwa tofauti hizo wakawapanga bakteria katika makundi waliyoyaita raibotaipu, kwa kifupi RT. RT1, RT2 na RT3 zilikuwepo kwa wagonjwa na wasio wagonjwa sawia. RT4 na RT5 zilijitokeza kwa wenye chunusi na kuonekana kwa nadra kwa wengine. RT6 ilikuwa kinyume chake, karibu yote ilitoka kwenye pua zisizo na chunusi. Waliposoma jenomu kamili za makumi ya bakteria hao, waligundua kwamba RT4 na RT5 wanabeba vipande vitatu vya DNA ambavyo wengine kwa kawaida hawana. Viwili vimejichomeka kwenye kromosomu, na cha tatu kipo kwenye plasmidi, kipande cha DNA kilichojitenga ambacho bakteria wanaweza kurithishana hata bila kuwa mzazi na mtoto. RT6 nao, walio wa aina ya II, wana mfumo wa CRISPR, kinga ya bakteria dhidi ya virusi na DNA ngeni. Dhana iliyojengwa hapo inavutia: koo zenye kinga zimezuia vipande vyenye madhara kuingia, na zisizo na kinga zimevikusanya.

Naiona kazi hii kuwa kubwa, na papo hapo naona ilivyopokelewa kwa pupa. Magazeti mengi yalitangaza kwamba bakteria "wabaya" na "wazuri" wa chunusi wamepatikana. Lakini wale waliobeba RT4 na RT5 walikuwa takriban mtu 1 kati ya 5 wa wenye chunusi. Wanne waliobaki walikuwa na chunusi bila koo hizo kuwa na nafasi yoyote ya maana puani mwao. Halafu sampuli zilitoka puani, na sote tunajua kwamba chunusi hushika zaidi mashavu, paji la uso, kidevu, kifua na mgongo. Na kuwepo kwa ukoo kwenye ngozi yenye ugonjwa hakutoshi kuthibitisha kwamba ndio ulioleta ugonjwa. Kinyweleo kilichoziba, chenye mafuta mengi na hewa kidogo, kinaweza kuwa ndicho kilichouchagua ukoo huo.

Kuna na udhaifu wa kipimo chenyewe. Jeni ya 16S inafaa kutofautisha spishi na spishi. Ndani ya spishi moja hutoa habari kidogo mno. RT1, kwa mfano, imechanganya bakteria wa matawi yaliyoachana mbali. Watu wawili wanaweza kuandikiwa "RT1" na kuwa na bakteria wasiofanana tabia. Ndiyo maana maabara za Ulaya zilichukua njia nyingine. Lomholt na Kilian wa Aarhus, mwaka 2010, walisoma jeni 9 kwa pamoja na kuonyesha kwamba ndani ya aina ya I kuna koo zilizoenea sana na zinazoandamana na chunusi. Belfast wakatengeneza mpango wao wa jeni 8, uliochapishwa mwaka 2012, na matokeo yao yakaelekeza kulekule: makundi machache ndani ya IA1 hujirudia kwenye sampuli za wagonjwa, wakati aina ya II na ya III hazina uhusiano huo na chunusi. Mwaka 2014 ikaja njia ya mkato ya Scholz na wenzake, inayosoma kipande kimoja tu cha DNA kilichochaguliwa kwa ustadi na kugawa koo kwa herufi kuanzia A hadi L. Faida yake kubwa ni kwamba huweza kusoma mchanganyiko mzima wa koo kwenye sampuli ya ngozi bila kwanza kuotesha bakteria mmoja mmoja.

Kila maabara ikawa na majina yake, na hapa msomaji wa tafiti hizi anahitaji uvumilivu. Ukoo ambao Los Angeles wanauita IB-2, Belfast wanauita IA2. Ule ambao Los Angeles wanauita IB-1, Belfast wameuweka ndani ya IA1. Daktari anayesoma makala mbili jioni moja anaweza kuondoka akiamini kwamba zinapingana, kumbe zinamzungumzia bakteria mmoja. Majedwali ya kulinganisha majina yapo, lakini huu ni mzigo ambao watafiti wameubebesha wasomaji wao bila sababu ya msingi. Sasa kusoma jenomu nzima kumekuwa rahisi, na hatua ya busara ni kupanga koo zote kwa jenomu nzima na kuziacha njia za mkato zibaki kuwa vifaa vya kazi za haraka.

Hata hivyo mti wa ukoo, uwe umechorwa vizuri kiasi gani, unaonyesha undugu tu. Mgonjwa anaumizwa na kile ambacho bakteria anafanya. Kwa maoni yangu mgawanyo unaanza kuwa na thamani pale unapounganishwa na kazi za jeni, na hapo ndipo miaka ya karibuni imekuwa na mavuno mazuri.

Chukua porfirini. Hizi ni molekuli anazozitengeneza C. acnes, ndizo zinazoufanya uso ung'ae kwa rangi nyekundu ya machungwa chini ya taa maalumu ya daktari wa ngozi. Porfirini zikizidi huzalisha oksijeni yenye ukali, seli za ngozi huwashwa, kinga ya mwili huitwa, na uvimbe huanza. Mwaka 2016 kundi la Li lilionyesha kwamba koo za aina ya I zinazoandamana na chunusi huzalisha porfirini nyingi zaidi kuliko za aina ya II. Aina ya II ina jeni inayofanya kazi ya breki kwenye uzalishaji huo, na koo zile za I hazina. Tofauti iliyokuwa ya herufi kwenye jedwali ikawa tofauti ya kemikali inayopimika.

Vitamini B12 inaingia hapahapa. Mwaka 2015 kundi hilohilo lilieleza kwamba mtu akiongezewa B12 kwa wingi, bakteria wa ngozini huacha kuitengeneza wenyewe, na malighafi ile huelekezwa kwenye porfirini. Kati ya watu 10 waliochomwa B12, mmoja alitokwa na chunusi ndani ya wiki. Mmoja kati ya kumi ni ushahidi mdogo, lakini madaktari walikuwa wameshaona kwa miaka mingi wagonjwa wanaotokwa na chunusi baada ya sindano za B12, na sasa kulikuwa na maelezo. Jaribio la 2016 likaongeza kwamba B12 ilizidisha porfirini kwa koo za aina ya I, wakati aina ya II haikutikisika. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kumeza vidonge vilevile, mmoja akaumuka uso na mwingine asipatwe na lolote, na sehemu ya sababu ikawa ukoo wa bakteria anaoishi nao.

Mfano wa pili ni asidi ya hayaluroniki, ile inayotangazwa sana siku hizi kwenye vipodozi. Mwili wenyewe huitengeneza, nayo hushika maji kati ya seli. C. acnes ana kimeng'enya cha kuivunja, lakini kimeng'enya hicho hakifanani katika koo zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ulioongozwa na maabara ya George Liu wa San Diego, ulionyesha kwamba koo za IA zinazoandamana na chunusi zina umbo linaloikata asidi hiyo vipande vya ukubwa mchanganyiko, na vipande hivyo huchochea uvimbe. IB na II wana umbo linaloisaga hadi vipande vidogo kabisa, ambavyo kinga ya mwili haivijali. Kimeng'enya ni cha familia moja na chakula ni kilekile, lakini madhara ni tofauti kabisa.

Sitaki kuacha picha ya bakteria huyu kama jambazi. Huvunja mafuta ya ngozi na kutoa asidi zinazowazuia wavamizi wengine, na hutoa protini ya RoxP, iliyoelezwa na watafiti wa Lund, Uswidi, inayoikinga ngozi dhidi ya oksijeni kali. Ngozi isiyo naye kabisa si lengo la tiba yoyote ya maana.

Kisha kuna suala la mahali anapoishi. Mwaka 2022 kundi la Tami Lieberman wa MIT, Marekani, lilifanya jambo ambalo watangulizi wake hawakulifanya kwa upana huo: lilichukua sampuli ya kinyweleo kimoja kimoja. Kila kinyweleo kilikuwa kimejaa uzao wa bakteria mmoja, au karibu mmoja, ilhali cha jirani kilikuwa na ukoo mwingine. Maelezo yao ni kwamba kinyweleo ni chembamba na kirefu, anayefika chini kwanza huzaliana na kukimiliki, na wanaofuata hukuta hakuna nafasi. Kufika kwanza kwa sehemu kubwa ni bahati. Matokeo haya yanadhoofisha wazo jepesi kwamba ukoo "mkali" huushinda ukoo "mpole" uso mzima. Pia yanaonyesha kwamba kupima pua yote kwa pamoja na kutoa jina moja ni kuficha mchanganyiko ambao ndio hali halisi ya ngozi.

Wafaransa wa Nantes, wakiwemo Brigitte Dréno na Marie-Ange Dagnelie, wameliangalia jambo hili kwa upande wa mchanganyiko. Kwenye chunusi kali waliona IA1 ikitawala na aina nyingine zikipungua. Na walipoviweka vipande vya ngozi maabara pamoja na bakteria, IA1 peke yake ilichochea kinga kuliko IA1 iliyochanganywa na II na III. Mimi naelekea kuukubali mtazamo huu kuliko ule wa kumsaka mkosaji mmoja. Tatizo linaonekana kuanza pale ukoo mmoja unapobaki peke yake kwenye ngozi yenye mafuta mengi.

Tusisahau kwamba mafuta hayo, homoni za balehe, urithi na huenda lishe ndivyo vinavyoandaa uwanja. Mwaka 2002 Loren Cordain na wenzake waliandika kuhusu kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, ambako watu 1,200 walikaguliwa na hakuna aliyekutwa na chunusi hata mmoja, wakiwemo vijana. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa Waache 115 wa Paraguay. Watafiti waliyahusisha matokeo hayo na chakula chao kisicho na sukari na nafaka zilizokobolewa. Uainishaji wa bakteria hauwezi peke yake kueleza jamii nzima isiyo na chunusi, na anayedai kwamba unaweza anaupa mzigo usio wake.

Sasa nirudi kwenye aina ya III, iliyoachwa pembeni kwa sababu haihusiani na chunusi. Kuna hali ya ngozi inayowapata zaidi vijana, hasa wanawake, na huonekana kwa urahisi kwa wenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi: mabaka yaliyofifia rangi, yasiyowasha wala kubanduka magamba, yanayoanzia mgongoni na tumboni na kukutana katikati. Madaktari Wafaransa waliieleza mwaka 1988 kwa watu wenye asili ya visiwa vya Antili. Mwaka 2004 Westerhof na wenzake wa Uholanzi walimulika mabaka hayo kwa taa ya porfirini wakaona nukta nyekundu ndani ya vinyweleo vya baka, zisizokuwepo kwenye ngozi ya pembeni. C. acnes alikuwa hapo. Mwaka 2016 McDowell na wenzake wakachunguza ni ukoo gani, wakakuta ni aina ya III.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo uainishaji unapotugusa sisi moja kwa moja. Mabaka meupe mgongoni mwa kijana wa Tanga au Kisumu huitwa fangasi kabla hata hayajatazamwa vizuri. Atapewa dawa ya kupaka ya fangasi mwezi huu, nyingine mwezi ujao, kisha vidonge. Haponi, kwa kuwa hakuna fangasi. Wengine hukaa na hofu ya ukoma, ugonjwa ambao bado upo Tanzania na unaostahili kuchunguzwa kwa makini, ingawa baka la ukoma huandamana na ganzi na haya hayana. Wengine hukimbilia mkorogo ili mwili wote "ulingane", na hapo tatizo huwa mawili, maana mikorogo mingi huwa na steroidi, na steroidi ya kupaka kwa muda mrefu yenyewe huleta chunusi. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2006 lilionyesha kwamba benzoili peroksaidi na klindamaisini, pamoja na mwanga wa UVA, vilirudisha rangi vizuri kuliko steroidi. Bila kumtenganisha III na ndugu zake, uhusiano wake na mabaka hayo ungebaki umefichwa ndani ya jina la jumla la bakteria aliye kwa kila mtu.

Upande wa dawa, uainishaji umefichua jambo jingine lenye uzito kwetu. Erithromaisini na klindamaisini za kupaka zilianza kutumika kwa chunusi miaka ya 1970, na mwishoni mwa muongo huohuo usugu ukaripotiwa Marekani. Waliposoma jenomu, watafiti walikuta usugu haujasambaa sawasawa. Umejikusanya zaidi kwenye baadhi ya matawi ya IA1, na RT4 na RT5 wengi wa Los Angeles walikuwa na mabadiliko yale ya jeni yanayozifanya dawa hizo zishindwe. Kwa maneno mengine, kila tunapopaka dawa hizo peke yake kwa miezi, tunawafyeka wapole na kuwaachia nafasi hasa wale tunaowashuku. Huko mitaani dawa hizi hununuliwa duka la dawa bila cheti, kipande cha tyubu leo na vidonge kesho, na anayeuza hana namna ya kujua nini kimeshatumika. Miongozo ya kimataifa iko wazi: antibiotiki ya kupaka isitumike peke yake, iambatane na benzoili peroksaidi, ambayo bakteria hawajaonyesha kuijengea usugu, na ya kumeza isiendelezwe kupita kiasi cha miezi mitatu hivi bila daktari kuipitia upya.

Matumaini mapya yanatoka kwenye ramani hiyohiyo ya koo. Kuna virusi wanaokula C. acnes, na jenomu 11 za virusi hao zilizochapishwa mwaka 2012 zilionekana kufanana sana. Aina ya I kwa kawaida hushindwa nao, wakati wengi wa aina ya II huhimili, na hilo linatoa wazo la tiba inayochagua. Wengine wamejaribu kupandikiza koo za wapole kwenye ngozi za watu waliojitolea, na mwaka 2019 walionyesha kwamba mchanganyiko wa ngozi huweza kubadilishwa kwa njia hiyo kwa muda. Huko Barcelona, Marc Güell na wenzake walitangaza mwaka 2024 kwamba wamemhariri C. acnes mwenyewe ili atoe NGAL, protini inayosaidia kupunguza mafuta ya ngozi. Wamemjaribu kwenye seli na kwenye ngozi ya panya, na safari ya kufika kwa binadamu bado ni ndefu.

Kasoro kubwa ya kazi yote hii ni ngozi zilizotumika. Sehemu kubwa ya jenomu zilizosomwa zimetoka kwa watu wa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki. Tunaambiwa IA1 huandamana na chunusi na III na mabaka, na tunaamini kwa kuwa hoja ni nzuri, lakini haijapimwa vya kutosha kwa mwanafunzi wa sekondari wa Dodoma au Mombasa. Na kwetu chunusi haiishi inapopona. Ngozi nyeusi hubaki na madoa meusi kwa miezi, wakati mwingine miaka, na madoa hayo ndiyo yanayompeleka binti dukani kutafuta mkorogo. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kikanda kilichofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990. Wagonjwa wapo, wataalamu wapo, na maabara za kusoma jenomu ziliimarishwa katika nchi zetu wakati wa janga la UVIKO-19. Kusoma koo za C. acnes kwenye vinyweleo vya watu wetu hakuhitaji mashine ambazo hatuna. Wizara na vyuo vyetu viliweke jambo hili kwenye orodha ya tafiti zinazogharimiwa, kwa kuwa anayesubiri ngozi yake isomwe na wengine atapata tiba iliyopimwa kwa wengine.

Kwa mwenye chunusi leo, hakuna kipimo cha ukoo cha kuomba kliniki, na anayeuza kipimo hicho kwa sasa anauza ahadi. Tiba ya kuanzia ni ileile: benzoili peroksaidi, adapalini ya usiku kwa asiye mjamzito, na subira ya wiki 8 hadi 12. Usipake antibiotiki peke yake, usichanganye na krimu yenye steroidi, na ukiona vinundu vyenye maumivu au makovu yanaanza, mwone daktari wa ngozi mapema.